Rafu za Mzee wa Kanda

Mpwa wangu anapanda mwendokasi kila asubuhi kwenda kazini, na basi lake linasimama Mwembechai. Juzi nikamuuliza kama anajua pale palitokea nini. Akanitazama kama namtega. "Mjomba, si kituo tu?" Ana shahada huyo. Ya sayansi ya siasa.

Nikaenda kuhakikisha tarehe nisije nikabishana naye bure: Ijumaa, 13 Februari 1998. Polisi msikitini, mabomu ya machozi, risasi, maiti. Hamza Njozi aliandika kitabu kizima, kikatoka mwaka 2000, serikali ikakipiga marufuku. Basi. Tarehe hizo atazipata mwenyewe akitaka. Mimi nikisikia Mwembechai nasikia harufu ya spiriti.

Spiriti hiyo ilikuwa ya mzee wa kanda. Kibanda chake kilikuwa Magomeni, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro, cha mabati na mbao, kimepakwa rangi ya bluu iliyobakia kwenye boti ya mtu. Ndani mlikuwa na redio kaseti mbili za deki mbili, pamba, na chupa ya spiriti ya kusafishia vichwa vya redio, maana alikuwa haamini redio isiyosafishwa kila baada ya kanda tatu. Unampelekea kanda tupu asubuhi, jioni unaifuata imejaa. Kabla hujalipa anakupigia kipande usikie mwenyewe. Kanda ikiliwa na redio yako ya nyumbani unamrudishia, anaizungusha kwa kalamu ya Bic huku anakutukana taratibu, anaunga ukanda kwa selotepu nyembamba kuliko unyasi, na hakutozi.

Rafu ya juu ilikuwa ya taarabu, Issa Matona na JKT. Ya katikati dansi, Msondo upande huu, Sikinde upande ule, zisije zikagombana. Ya chini kwaya. Sisi wa kanisani tulizoea kuinama.

Yeye alikuwa Mwislamu, mtu wa Pangani, na ndiye aliyetuchinjia. Mkesha wa Krismasi mama alinituma na kuku, mmoja kila kwapa. Mzee anaweka kalamu chini, anatoa kisu chini ya benchi, anaelekea kibla, Bismillahi, anachinja, ananawa, anarudi kwa mteja wake. Mama yangu alikuwa mzee wa kanisa na hakuona hapo jambo lolote la dini. Aliona jambo la wageni. Nusu ya watakaokuja kula kesho ni Waislamu. Ukichinja mwenyewe utakula na nani? Idi ikifika sinia la pilau lilitoka kwao likaja kwetu limefunikwa kawa, na halikurudi tupu.

Rafu zilianza kuhama katikati ya miaka ya themanini. Kwanza zilikuja video za mhubiri wa Kiislamu, Ahmed Deedat wa Durban, Kiingereza kitupu, tukazitazama kwa heshima bila kuelewa. Halafu wahubiri wa hapa hapa wakaishika kazi kwa Kiswahili, na hapo mtaa ukaamka. Uwanjani inawekwa meza, spika, betri ya gari, na Biblia iliyochomekwa vijikaratasi vya kila rangi. Mhubiri wa Kiislamu hasomi mwenyewe. Anamtajia msaidizi kitabu na sura, anamwambia, "Soma!" Msaidizi anasoma aya ya Yohana au Mathayo. Mhubiri ananyamaza kidogo, anautazama umati, anauliza swali, na uwanja unalipuka. Wakristo nao walileta watu wao, wameibeba Kurani iliyotafsiriwa, wakajibu. Ilikuwa mechi ya Simba na Yanga, na kama mechi, watu walirudi nyumbani pamoja wakibishana njia nzima. Tusijidanganye, ilikuwa burudani. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994.

Mzee wa kanda alirekodi yote. Kanda za mihadhara ya Kiislamu akaziandika kwa makapeni ya kijani, za mahubiri ya Kikristo kwa nyekundu, akaziweka rafu ya katikati. Msondo na Sikinde wakashuka chini, kwaya zikaingia kwenye boksi. Nilipomuuliza kama anaamini yanayosemwa humo, alisema, "Mimi nauza plastiki, mwanangu."

Kilichofuata watu hukieleza kwa kutaja nchi za nje: fedha za Saudia huku, wamisionari wa Marekani kule. Fedha zilikuwepo, sibishi. Lakini mimi nilizisikiliza zile kanda, na nilisikia mazungumzo yakibadilika. Aya zikapungua, manung'uniko yakaongezeka: nani anapata shule, nani anapata uwaziri, jumuiya ya zamani ya Waislamu ilivunjwa kwa nini 1968 na Bakwata iliwekwa mahali pake na nani. Yalikuwa maswali halali, tena ya siasa, na palipaswa kuwa na mahali pa kuyauliza. Ada za shule zilikuwa zimerudi, viwanda vinafungwa, na chama kilikuwa hakiulizwi kitu. Msikiti ulikuwa unauliza. Upande wa pili, kanda nyekundu hazikuzungumzia uwaziri kabisa. Zenyewe zilizungumzia mapepo, na mapepo hayo, ukisikiliza vizuri, yalikuwa na majina ya majirani zetu.

Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yakavunjwa. Krismasi ya mwaka ule kaka yangu, aliyekuwa ameokoka, akagoma kula kuku. Kachinjwa na nani? Katajiwa nini? Mama akamwambia katajiwa Mungu, akamsogezea mchicha. Mtoto mkubwa wa mzee wa kanda naye alikuwa amefuga ndevu, kakata suruali juu ya kifundo, na anamwambia baba yake kwamba maulidi ni bidaa na ile rafu ya juu ni moto wa Jahanamu. Vijana hao wawili walikuwa wamecheza chandimu pamoja. Wangekaa kitako wangegundua wanakubaliana karibu kila kitu: ngoma haramu, taarabu haramu, wazazi wao wamepotea.

Baada ya Mwembechai mzee hakurekodi mihadhara tena. Alisema redio zimechoka.

Yaliyobaki mnayajua. Ahadi ya Mahakama ya Kadhi katika ilani ya chama tawala ya 2005, inayotolewa kwa mkono mmoja na kufichwa kwa mwingine. Mbagala, Oktoba 2012, watoto wamebishana juu ya msahafu na makanisa yakachomwa. Februari 2013 Buseresere, Geita, mchungaji anauawa katika ugomvi wa nani achinje. Nani achinje! Machi 2015 maaskofu wanawaagiza waumini waikatae Katiba Inayopendekezwa. 2020 Askofu Gwajima anatoka madhabahuni anaingia bungeni kama mbunge wa Kawe, wakati viongozi wa siasa wanatuonya tusichanganye dini na siasa. Sheria ya vyama vya siasa ya 1992 inakataza chama cha kidini. Haikatazi mgombea kuchangia spika za msikiti Ijumaa na kinanda cha kanisa Jumapili, na kupiga picha kote.

Mzee wa kanda alikufa 2015, kampeni zimepamba moto. Mwanawe akakataa hitima: hakuna kisomo, hakuna pilau la siku ya tatu. Wazee wa mtaa wakaisoma hitima nyumba ya tatu kutoka pale, mama yangu akapeleka mchele. Kwa hiyo wageni walikuwa na misiba miwili ya mtu mmoja, na mgombea udiwani alifika yote miwili, kavaa kofia ya kiua, kwenye hitima akaitikia amina, kwa mtoto akatikisa kichwa kulaani bidaa, na kote akatoa ubani kwenye bahasha yenye jina lake.