Bata Mmoja na Mbwa Mmoja

Mlangoni mwa Mto Severn, nchini Uingereza, maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 12. Wakati wa baridi wawindaji hungojea bata-mwitu kando ya matope, nao mbwa wa aina ya Labrador huwaokota ndege walioanguka. Lakini maji yapwapo, mkondo huvuta kila kitu kuelekea baharini. Mwindaji mwenye busara humvua mbwa ukanda wa shingoni usije ukanasa, tena hupiga ndege aliye juu ya nchi kavu. Bata akiangukia mkondoni, humzuia mbwa wake, hata kama windo laonekana karibu. Mbwa mtiifu hajihurumii. Huogelea hadi nguvu zimwishe. Basi yampasa bwana wake amhurumie.