Gia ikigoma Mombasa, usikimbilie giaboksi nyingine

MWENDO wa haraka hauna nafasi katika Mji wa Kale wa Mombasa. Ukiipa kisogo Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka wa 1593 na 1596, unaingia Ndia Kuu. Kwa Kimvita, ndia ni njia, lakini njia kuu hii gari likipita, mwenye mkokoteni hana budi kujibanza ukutani. Dereva hukanyaga breki, huachilia, kisha hukanyaga tena.

Kwa gari la gia za otomatiki, huo si mwendo mwepesi. Gia hupanda hadi ya pili, hurudi ya kwanza, hupanda tena, na oili ndani ya giaboksi huzidi kupata moto. Ukitokea Barabara ya Digo au ukipanga foleni ya feri ya Likoni, hali ni ile ile, tena chini ya jua la Pwani.

Mengi ya magari haya ni mitumba ya Japani iliyoshushwa katika bandari ya Kilindini, nayo sheria ya Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka 8. Hata hivyo, yakishafika kisiwani hukutana na adui mwingine: hewa ya chumvi, ambayo hula soketi na ncha za nyaya.

Ndipo siku moja gari hukataa kubadilisha gia. Taa ya injini huwaka, na gari hujifunga katika gia moja, mara nyingi ya tatu. Hapo kompyuta yake inajaribu kuikinga giaboksi isiharibike. Kwenye tambarare ya Treasury Square gari litajikokota. Lakini kwenye mwinuko wa kutokea kwenye feri litakosa nguvu, na nyuma yako kuna msururu wa magari na maji ya bahari. Ukiwa na watoto garini, hilo si jambo la mzaha.

Wenye magari wengi wakifikwa na haya hufikiria kununua giaboksi nzima. Kumbe mkosaji huenda akawa kipuri cha kutosha kiganjani: solenoidi. Hii ni sumaku ya umeme yenye vali. Kompyuta ikiipa umeme, hufungua au kufunga njia ya oili, na shinikizo la oili ndilo linalobadilisha gia. Solenoidi ikiziba kwa uchafu, koili yake ikikatika, au waya wake ukila kutu, gia haibadiliki.

Fundi hodari huanza na oili. Je, inatosha? Ni nyeusi na inanuka kuungua? Ikiwa hivyo, huenda klachi za ndani zimekwisha, na solenoidi mpya haitasaidia.

Pili, husoma kompyuta ya gari kwa mashine. Alama ya P0750 humwelekeza kwenye solenoidi A, na P0755 kwenye solenoidi B. Lakini alama huonyesha mlango tu; aliye ndani hajajulikana bado. Kwa hiyo fundi hukagua soketi na nyaya kwanza, hasa katika mji huu wa chumvi.

Tatu, hupima koili kwa mita ya umeme. Katika magari mengi ya Toyota, solenoidi ya kuwasha na kuzima ikiwa baridi husoma omu 11 hadi 15. Ikisoma karibu na sufuri, koili imegusana. Isiposoma kitu, imekatika. Ikisoma sawa na gia bado inagoma, huenda imeziba. Ikiwa gari ni zima asubuhi na hugoma mchana kwenye foleni, lipimwe likiwa moto.

Kuibadilisha, katika magari mengi, ni kufungua sufuria ya oili chini ya giaboksi, kusafisha chujio na sumaku, kufunga solenoidi mpya, na kujaza oili ya aina iliyotajwa na kiwanda, si oili yoyote ile.

Basi, msomaji, unapofika gereji, iwe Makupa au Majengo, kabla ya kutoa hata shilingi ya giaboksi, uliza maswali mawili: alama gani imesomwa, na mita imeonyesha omu ngapi? Fundi aliyepima atakuwa na majibu yote mawili. Asiyekuwa nayo, mshukuru, uondoke na funguo zako.