Stoke Mandeville: Kijiji Walikofundishwa Kucheza Waliokuwa Wakingojea Kufa

Msafiri atokaye London kwenda Stoke Mandeville hupanda treni katika stesheni ya Marylebone, na kwa muda wa saa moja hivi huwa amefika. Njiani hapana la ajabu: mashamba, kondoo, nyumba za matofali mekundu, na mvua ile ya Kiingereza isiyoanza wala isiyokwisha. Tulikuwa wanne, watu wa nyumba moja, tumekwenda Uingereza kwa harusi ya jamaa yetu, na siku tuliyokuwa hatuna shughuli tukaazimia kuitumia kwa ziara hii. Wenyeji wetu walitushangaa. Wageni kutoka Mombasa, walisema, huomba kupelekwa madukani au penye ile saa kubwa ya kando ya mto. Hajapata kutokea aliyeomba kupelekwa hospitalini.

Stoke Mandeville ni kijiji kidogo kilichopakana na mji wa Aylesbury, katika jimbo la Buckinghamshire. Hospitali iliyobeba jina la kijiji ni kubwa kuliko kijiji chenyewe, na jirani yake pana uwanja wa michezo ambao mtu asiyejua habari zake angeupita bila kugeuza shingo. Hapana mnara mrefu wala lango la fahari. Barabara inayouendea imepewa jina la Guttmann, na humo ndimo habari yote ilimo.

Ludwig Guttmann alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, Myahudi wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1899. Utawala wa Hitler ulimtoa katika kazi aliyokuwa nayo, na mwaka 1939 akakimbilia Uingereza pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Miaka michache baadaye, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ya Uingereza ilikuwa ikijiandaa kuvusha majeshi yake hadi bara la Ulaya, na ilijua fika kwamba vijana wengi watarudi wamevunjika uti wa mgongo. Ikamtaka mkimbizi huyu afungue wadi ya majeruhi wa namna hiyo. Akaifungua Stoke Mandeville tarehe 1 Februari, 1944.

Ili kuipima kazi yake, hapana budi kujua mambo yalivyokuwa kabla yake. Mtu aliyekatika uti wa mgongo alihesabiwa kuwa maiti aliyecheleweshwa. Alilazwa chali, akapewa dawa ya kutuliza maumivu, na watu wakangoja. Wengi hawakufika mbali, na kilichowaua aghalabu hakikuwa jeraha lenyewe. Sisi tulio wazima hatuna habari kwamba usiku kucha twajigeuza; damu ikizibana mahali, mwili watuamsha kidogo nasi tukageuka huku tumelala. Aliyepooza hapati ishara hiyo. Nyama iliyobanwa baina ya mfupa na godoro hukosa damu, huoza, na kidonda huchimba hadi mfupani. Mkojo nao usipotoka vizuri huleta uchafu katika kibofu, uchafu ukapanda kwenye figo. Mgonjwa akafa kwa homa, na watu wakasema amekufa kwa mgongo.

Guttmann aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kukosa. Ndiyo amri yake ya kwanza, na kwa maoni yetu ndiyo iliyo kubwa kuliko zote. Haikuhitaji mashine wala dawa mpya. Ilihitaji mikono ya watu na mtu wa kuwasimamia, naye alikuwa akizunguka wadi usiku wa manane kuhakikisha kwamba amri imefuatwa. Wagonjwa walianza kupona vidonda. Hapo ndipo likazuka swali ambalo madaktari waliotangulia hawakulazimika kulijibu: mtu huyu, ikiwa hafi, ataishi vipi?

Jibu liliwajia kwa njia ya mchezo. Yasimuliwa kwamba Guttmann aliwakuta wagonjwa wake uani, wameketi katika viti vyao vya magurudumu, wakipiga kidude kwa fimbo za kutembelea walizozigeuza kichwa chini. Daktari mwingine huenda angaliwakemea. Yeye alimwita mwalimu wa mazoezi wa jeshi, wakaketi vitini wao wenyewe na kuujaribu mchezo, wakautungia kanuni. Baadaye mchezo huo uliachwa kwa sababu watu walikuwa wakiumizana kupita kiasi, na mahali pake ukaja mpira wa kikapu. Tulilisoma jambo hili tukacheka: watu waliokuwa wakisubiri kufa sasa wakatazwa mchezo kwa kuwa wanautia nguvu mno.

Kisha ukaja upinde. Mwenye kuvuta upinde hutumia mabega, mikono na misuli ya mgongo wa juu, yaani vile viungo ambavyo aliyepooza miguu anavihitaji ili ajinyanyue kitandani na kuhamia kitini. Tena hujifunza kuketi wima pasipo kuegemea. Na shabaha haijui kama aliyerusha mshale amesimama au ameketi, kwa hiyo mtu wa kiti aweza kushindana na mzima bila kupunguziwa chochote. Tarehe 29 Julai, 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa na majeruhi wa vita 16, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kwa upinde hapa Stoke Mandeville. Mwaka 1952 walikuja Waholanzi, na mashindano yakawa ya kimataifa. Mwaka 1960 yakahamia Roma, wachezaji 400 kutoka nchi 23, nayo ndiyo yahesabiwayo kuwa Paralimpiki ya kwanza. Kenya yetu iliingia mara ya kwanza mwaka 1972, mjini Heidelberg.

Katika walioshinda Roma alikuwamo mwanamke ambaye bara letu lina sehemu katika habari zake. Margaret Maughan alikuwa mwalimu nchini Malawi, wakati ule ikiitwa Nyasaland, na mwaka 1959 alipata ajali ya gari huko, akapooza. Alisafirishwa hadi Stoke Mandeville, akafundishwa upinde kama sehemu ya matibabu yake, na mwaka mmoja tu baadaye akaipatia Uingereza medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Paralimpiki. Mwaka 2012, michezo iliporudi London, ndiye aliyepewa heshima ya kuwasha mwenge uwanjani.

Leo uwanja wa Stoke Mandeville ni wa watu wote. Ndani pana makumbusho madogo yaliyofunguliwa mwaka 2019, yenye viti vya zamani na picha za wagonjwa wa wadi ile ya kwanza. Viti hivyo vya zamani ni vizito kama makochi. Mtu angedhani vilitengenezwa ili aliyevikalia asiondoke. Lakini tuliokaa zaidi ni penye bwawa la kuogelea na ukumbi wa mazoezi. Bibi vizee wa Aylesbury waliogelea huku kijana asiye na miguu akiwapita, na wala hakuna aliyekuwa akimtazama ila sisi. Tuliona haya, tukageuza macho.

Mwalimu mmoja wa ukumbini, mtu mwenye subira, alitueleza namna ya kuugeuza mchezo. Alisema yako mambo manne ya kubadili: uwanja, kifaa, kanuni na muda, na mwalimu hubadili lile tu linalomzuia mwanafunzi, mengine akayaacha. Akatutolea mfano wa voliboli ya kuketi. Uwanja wa kawaida una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Wa kuketi ni mita 10 kwa 6. Wavu hushushwa hadi sentimita 115 kwa wanaume na 105 kwa wanawake. Mpira ni uleule na ukali ni uleule. Kwa wasioona kuna mpira wenye kengele ndani, na wachezaji wote hufungwa vitambaa machoni ili mwenye kuona kidogo asimzidi asiyeona kabisa. Mchezo huo, goliboli, ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Kwa watoto ambao mikono yao haitulii kuna bocha, mchezo wa kurusha vijimpira vya ngozi karibu na mpira mweupe, na asiyeweza kurusha huwekewa mfereji wa kuteremshia.

Tulimsikiliza tukikumbuka skuli zetu. Ni nani asiyemjua yule mtoto ambaye wakati wa somo la michezo huachwa chini ya mwembe alinde viatu vya wenzake? Hapana anayemfanyia uovu. Mwalimu amhurumia, na wenzake wampenda. Lakini miaka minane ya kulinda viatu humwacha na mwili dhaifu kuliko ulemavu wake ulivyomkusudia, na humfundisha kwamba pahali pake ni pembeni. Ibara ya 54 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 yazungumzia haki za watu wenye ulemavu, heshima na elimu zikiwamo. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limesema wazi kwamba mtoto mwenye ulemavu, kama mtoto mwingine, ahitaji wastani wa dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku, na mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Voliboli ya kuketi yataka kamba, nguo kuukuu za kufanyia wavu, na mchanga. Mchanga, alhamdulillahi, tunao.

Sasa tuseme lililotupeleka hasa. Tuna mpwa wetu, kijana wa miaka 24, aliyeanguka kutoka juu ya mnazi akiangua madafu. Watu wa Kwale, Kilifi na Lamu hawahitaji kuelezwa. Kila kijiji kina mkwezi wake aliyeanguka. Alilazwa wiki nyingi, na katika wiki hizo hakuwapo wa kumgeuza usiku. Alirudi nyumbani na kidonda cha kiunoni kilichochukua miezi tisa kufunga. Tangu hapo alikuwa hatoki chumbani. Alipopata habari kwamba tunasafiri, ni yeye aliyetutajia jina la Stoke Mandeville, kwani alikuwa amelisoma katika simu yake, akatupa neno la kuuliza: “Waulizeni, mtu wa kuanzia chumbani aanze na nini?”

Tuliuliza. Jibu halikuwa upinde wala mpira. Aanze, tuliambiwa, kwa kujinyanyua kitini. Kila robo saa au nusu saa aegemee mbele au pembeni, au asukume kiti kwa mikono hadi makalio yapate hewa, na akae hivyo kwa muda, kwa kuwa kujiinua na kushuka papo hapo hakurudishi damu. Asubuhi na jioni aitazame ngozi yake kwa kioo cha mkononi. Wekundu usioondoka ni onyo, na mahali hapo pasikaliwe hadi upotee. Mabega ayatunze kama macho, maana ndiyo miguu yake sasa. Mwenye kiti husukuma siku nzima, kwa hiyo zoezi alifanyalo liwe la kuvuta: mpira wa baiskeli ukatwe, ufungwe mlangoni, auvute kuelekea kifuani taratibu. Tuliyaandika yote.

Jambo moja tuliliuliza mara mbili, kwa kuwa latuhusu sisi wa pwani kuliko wao. Aliyeumia uti wa mgongo, hasa sehemu za juu, mara nyingi hatoki jasho chini ya mahali palipoumia, na mwili wake hauwezi kujipoza. Joto ambalo kwetu ni kero, kwake laweza kuwa hatari. Afanye mazoezi baada ya alfajiri au jua likishapungua alasiri, awe na kitambaa chenye maji shingoni, na akihisi kichwa kuuma au kizunguzungu aache mara moja atafute kivuli. Na kama jeraha ni la kifuani juu au shingoni, halafu akaumwa kichwa ghafla kwa nguvu huku uso ukiiva, aketishwe wima, mpira wa mkojo uangaliwe kama haukujikunja, na apelekwe hospitali bila kungoja. Huenda ni shinikizo la damu lililopanda kwa sababu ya kibofu kilichojaa.

Kuhusu bahari, mtaalamu wetu hakuwa na la kusema, kwani Aylesbury haina bahari. Hilo twalisema sisi. Maji ya chumvi humbeba mtu, na katika maji aliyepooza hupata uhuru ambao nchi kavu haumpi. Lakini miguu isiyo na hisia haitambui tumbawe wala mwiba, na mkato mdogo usioonekana waweza kugeuka donda. Avae soksi nene na suruali ndefu, aingie maji yakiwa yamejaa juu ya mchanga mtupu, kamwe si penye miamba, na asiingie bila watu wawili. Kiti kwenye mchanga laini huzama; pale ulipolowa na kushindiliwa na maji huenda vizuri. Kwa hiyo apelekwe maji yakianza kupwa, ufuo ukingali mgumu.

Mpwa wetu alianza na ule mpira wa baiskeli mlangoni. Baada ya mwezi wa nne akaomba kiti chake kitolewe barazani, na vijana wa mtaa wakatengeneza kwa saruji mteremko wa kushukia hadi njiani. Kila senti moja ya urefu wa kipandio yataka senti kumi na mbili za mteremko. Chetu kina kipandio cha sentimita 30, basi mteremko ukawa wa mita tatu na sentimita 60, na jirani akaturuhusu kuupitisha mbele ya mlango wake. Siku za Ijumaa huenda msikitini kwa kiti, akaswali ameketi safu moja na wenzake. Sasa anatafuta mbao za kutengenezea upinde, na ametuuliza kama yuko fundi wa Mji wa Kale ajuaye kupinda mti bila kuuvunja. Aliye na habari na atufikishie.