Sikio Kabla ya Spana: Elimu ya Fundi wa Malori Changamwe

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Wangalikuwa wapita njia wa barabara itokayo Mombasa kwenda Nairobi, pengine wangaliongeza kwamba mwenye masikio naye haambiwi sikiliza. Anayevuka Makupa kutoka kisiwani na kuingia Changamwe hulakiwa kwanza na ngurumo. Ni ngurumo za malori yatokayo bandari ya Kilindini yakiwa na makontena, yakijikaza kuelekea Jomvu, Miritini, Mazeras na Mariakani, na kutoka huko Nairobi, Kampala, Kigali na hata mashariki ya Kongo. Kwa mpita njia, sauti hizo zote ni kelele. Kwa fundi wa injini za dizeli, kila moja ni kauli yenye maana, na iliyo gonjwa hujitenga na zilizo nzima kama kilio cha mtoto kinavyojulikana na mamaye.

Katika uwanja mmoja wa gereji, ambao udongo wake umekunywa oili miaka mingi hata ukawa mweusi na mgumu kama lami, yupo fundi anayeikaribia miaka sabini. Wateja humwita Fundi. Vijana wanaojifunza kwake humwita Mzee. Aliingia kazini akiwa mvulana wa kuosha vipuri kwa mafuta taa, akapanda hadi kushika spana, kisha kufungua injini, na hatimaye akafika daraja isiyo na cheti: daraja ya kuitwa pale ambapo wengine wameshindwa. Jambo moja tu limempungukia siku hizi, nalo ndilo kubwa. Miaka arubaini na zaidi ya kusimama kando ya injini zinazonguruma, bila kuyaziba masikio, imemla usikivu. Sikio la kulia limekwisha kabisa. La kushoto linachagua. Chombo alichokitumia kuponya injini kimeharibiwa na injini zenyewe, na chombo hicho hakiuzwi katika duka lolote la vipuri.

Ili kuielewa hasara hiyo, yafaa kwanza kuielewa injini. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alipata hataza ya wazo lake mwanzoni mwa miaka ya 1890, na injini yake ikafanya kazi ipasavyo mjini Augsburg mwaka 1897. Wazo lilikuwa jepesi kulieleza, gumu kulitenda. Injini ya petroli huhitaji cheche ya plagi. Ya dizeli haihitaji. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda hadi ikabaki sehemu moja ya kumi na tano, au hata ya ishirini, ya ujazo wake wa awali, na hewa iliyobanwa hivyo hupata joto linalopita nyuzi 500 za Selsiasi. Ndipo nozeli hupuliza dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Alhasili, injini hii yataka mambo matatu: hewa ya kutosha, mbano wa kutosha, na mafuta safi yanayofika kwa wakati wake. Maradhi yake mengi ni upungufu wa mojawapo ya hayo, na kazi ya fundi ni kujua lililopungua kabla hajalegeza bolti hata moja.

Dalili ya kwanza ni moshi. Moshi mweusi husema kwamba mafuta yamezidi hewa: huenda chujio la hewa limeziba, turbo imechoka, au nozeli inamwaga badala ya kupuliza. Moshi wa buluu husema kwamba oili imezipita ringi za pistoni au imeteremka penye valvu, ikaingia panapowaka moto. Moshi mweupe ni dizeli isiyoungua. Na ukiendelea hata baada ya injini kupata moto, fundi hushuku maji yaliyopenya kupitia gasketi ya kichwa cha injini. Hata kukosekana kwa moshi ni jawabu. Injini iliyoishiwa nguvu na isitoe moshi aghalabu ina njaa: mafuta hayaifikii.

Dalili ya pili ni sauti. Katika injini za zamani, fundi huliacha gari likinguruma papo kwa papo, akalegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya nyingine. Mlio ukibadilika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, mgonjwa amepatikana. Akitaka kusikia zaidi, huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma na mpini wake sikioni, mfano wa daktari na kifua cha mtu. Haya yote Mzee aliyafanya kwa miaka mingi bila kufikiri, kama mtu anavyotembea.

Asubuhi moja lori la trela lilivutwa hadi uwanjani humo. Dereva wake, mtu wa makamo mzaliwa wa Machakos, aliteremka akiwa na uso wa mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Gari lina nini?"

"Halina nguvu. Nikitoka hapa Changamwe liko sawa kabisa. Nikianza kupanda Mazeras linalegea, na kabla ya Mariakani linazima. Nikikaa kidogo linawaka, naenda, halafu linazima tena. Fundi mmoja amebadilisha vichujio vyote. Mwingine amesema pampu imekufa."

Pampu ya mafuta ya lori si kitu cha kununuliwa kwa mzaha. Bei yake yaweza kumeza faida ya safari kadhaa. Lililomlemea dereva, hata hivyo, halikuwa bei. Mwenye gari alikwisha kumshuku kwamba huuza mafuta njiani, na sasa safari tatu zilikuwa zimechelewa mfululizo. Alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba hiyo ya nne ndiyo ya mwisho, liwe liwalo.

Kijana mwanafunzi alikuwa amekwisha kuleta spana na kuanza kulegeza mabomba ya pampu. Mzee akamshika mkono.

"Hebu ngoja kwanda, mwanangu. Wewe wataka kumpasua mgonjwa, na hata hujamuuliza yuwaumwa wapi."

Kisha akaketi juu ya gurudumu kuukuu, akamgeuzia dereva sikio la kushoto na kuanza kuuliza. Likilegea hutoa moshi? Halitoi. Alitikisa kichwa, kumbe ni njaa. Akaagiza mafuta kidogo yatolewe tangini, akayanusa na kuyasugua kati ya vidole. Alikuwa akitafuta mafuta taa. Kwa miaka mingi uchanganyaji wa mafuta taa na dizeli ulikuwa biashara ya magendo nchini Kenya, hata ikabidi serikali iweke ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mnamo Septemba 2018 ili kuizima tamaa hiyo. Mafuta taa ni makavu. Hayailainishi pampu, nayo hujila. Lakini haya yalikuwa dizeli tupu. Akaendelea. Huzima mapema zaidi tangi likiwa limejaa, au likiwa nusu? Dereva alinyamaza, kama aliyeulizwa jambo ambalo alilijua bila kujua kwamba analijua.

"Likiwa limejaa, mzee. Likiwa nusu hufika mbali."

"Na ugonjwa huu ulianza lini?"

"Mwezi huu. Baada ya tajiri kuleta kifuniko kipya cha tangi, hiki cha kufuli, kwa sababu ya wezi."

Mzee hakusema neno. Aliamuru lori liwashwe na kupandishwa barabara ya Miritini, naye akapanda pamoja na kijana. Walikwenda hadi mlio ukaanza kufifia. Hapo akamwambia dereva asimame bila kuzima, akamteremsha kijana, akamwagiza ategeshe sikio penye tangi na kukifungua kifuniko polepole. Kijana alipokizungusha, tangi lilivuta pumzi ndefu, mithili ya mzamiaji aliyechomoza majini. Muda si muda injini ikachangamka.

"Umesikia?" aliuliza Mzee kutoka dirishani.

"Nimesikia, mzee."

"Basi shika ulivyosikia. Mimi sikusikia kitu."

Sababu ilikuwa hiyo. Mafuta yanapotoka tangini sharti hewa iingie mahali pake. Kifuniko cha zamani kilikuwa na kitundu cha kupumulia. Kipya, kilichonunuliwa kwa ajili ya wezi, hakikuwa nacho. Kila lita iliyotoka iliacha utupu nyuma yake, hadi pampu nzima kabisa ikashindwa kuvuta. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa, ndiyo maana lilikabwa upesi zaidi. Gari liliposimama, hewa iliingia kidogo kidogo, nalo likapata nafuu ya uongo. Kifuniko cha zamani kilipatikana chini ya kiti, kikarudishwa mahali pake, na kazi ikaisha.

Iliisha, ila malipo. Mwenye gari aliuliza kwa simu ni vipi alipe ilhali hakuna kilichofunguliwa. Mzee akasogeza simu penye sikio linalochagua, akajibu kwa upole: "Nilipe kwa hicho ambacho sikukifungua." Alilipwa. Dereva naye aliambiwa aendelee na safari ya Kampala. Hakuombwa radhi, lakini kazi yake ilibaki, na watoto wake hawakupata kujua jinsi karo yao ilivyoning'inia kwenye kitundu kisichotosha kupitisha punje ya mtama.

Mwanafunzi wa Kiswahili anayekaa nusu siku katika uwanja kama huo hutoka na jambo la kutafakari. Nomino za gereji karibu zote zilishuka melini pamoja na masanduku ya vipuri: injini, pistoni, nozeli, gasketi, valvu, turbo. Vitenzi, kinyume chake, ni wenyeji. Gari huchemsha, hula oili, huvuta, hulegea, hukohoa, hukosa pumzi; fundi huitoa hewa kwenye mabomba na kuisikiliza injini. Jina la kitu laweza kuazimwa kwa siku moja, lakini utambuzi wa maradhi hukaa katika vitenzi, na hapo lugha haikuhitaji kuazima. Maswali ya Mzee yote yalikuwa ya Kiswahili chepesi. Huzima lini? Baada ya nini? Likiwa katika hali gani? Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, nayo ikawafaa wengi darasani. Istilahi, hata hivyo, ni nusu tu ya elimu. Nusu ya pili ni mpangilio wa maswali, na huo haumo katika kamusi.

Kuna watakaosema kwamba zama za sikio zimepita. Malori mapya yana kompyuta, na katika injini nyingi za sasa mafuta hukaa kwenye bomba moja la pamoja kwa shinikizo linaloweza kuzidi mara 1,500 la hewa tuivutayo. Hapo ule mtindo wa kulegeza nati ni marufuku, kwa maana mchirizi wake hupenya ngozi na kuharibu nyama. Fundi huunganisha mashine ya kupimia, nayo humpa namba ya kosa. Mzee haipuuzi mashine hiyo. Kijana wake anajifunza kuitumia, na kwa fundi asiyesikia ni rehema. Lakini hebu tujiulize ingelisema nini juu ya lori lile. Ingelisema kwamba shinikizo la mafuta ni dogo. Ingelikuwa kweli tupu, na kweli hiyo ingelimpeleka mwenye gari moja kwa moja dukani kununua pampu. Mashine hutaja dalili. Chanzo hutafutwa na mtu.

Swali zito ni nani atakayekitafuta. Mnamo Agosti 2019 serikali iliagiza mizigo iendayo Nairobi na mbele yake isafirishwe kwa reli mpya, na Mombasa ikaandamana, kwa kuwa lori lisilosafiri halimlishi dereva, mama ntilie, wala fundi. Katika uwanja ule vijana wanne walikuwa wakijifunza. Watatu waliondoka wakaendesha bodaboda. Mnamo Septemba 2022 agizo jipya liliirudishia Mombasa kazi ya kutoa mizigo bandarini, na malori yakaongezeka tena barabarani. Vijana watatu hawakurudi. Elimu ya miaka arubaini ikabaki juu ya mabega ya mmoja, yule aliyetangulia kushika spana.

Wakati umewadia kwa wanaojifunza lugha hii vyuoni kuvuka Makupa wakiwa na daftari. Wasiende kuwafundisha mafundi istilahi. Waende kuwauliza wanavyouliza, na kuyaandika maswali hayo kwa mpangilio wake, kabla masikio yaliyosalia hayajanyamaza.

Wiki iliyofuata, lori jingine liliingia uwanjani likitoa moshi mweusi. Mzee alikuwa ameketi kivulini, mgongo wake umeelekea barabara, na hakulisikia likija. Kijana alilifuata mikono mitupu. Spana zilikuwa sandukuni. Akamwamkia dereva, akasimama karibu na mlango, akauliza: "Lilianza lini?"