Katika Hori ya Mida

Tulitoka Malindi alfajiri, mwezi wa Machi, kaskazi ikikaribia kwisha, tukashika njia kuu ya Mombasa. Na baada ya kuipita Gede, penye magofu ya mji ambao wenyewe waliuhama karne nyingi zilizopita, tukakata mkono wa kushoto mpaka ukingoni mwa mikoko ya Mida, maji yakiwa yameanza kupwa.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa Kigiriama, mvuvi tangu ujana wake, ambaye sasa huwaongoza wageni juu ya daraja la mbao na kamba lipitalo baina ya mikoko. Nilimwamkia, “Shikamoo, mzee,” akaitika, “Marahaba, mwanangu,” kisha akanihimiza twende, kwa kuwa ndege tuliokuja kuwatazama hufuata maji, hawafuati saa. Ada itozwayo darajani hapo husaidia karo za watoto wa vijiji vya jirani wasomao sekondari, jambo ambalo mimi naliona ni la heshima kubwa.

Tope lilipofunuka, ndege waliteremka makundi kwa makundi. Walikuwapo kitwitwi wenye mdomo uliopinda, ambao uzito wao ni gramu 60 hivi, na ambao huzaliana Siberia, katika nchi isiyo na miti iliyo jirani na bahari ya barafu. Nao hushinda wakidonoa vijidudu topeni pasipo kupumzika, kwa sababu bila ya kujiwekea mafuta mwilini hawawezi kuirudia safari ile ya maelfu ya kilomita. Idadi yao imepungua sana duniani, hata mwaka 2024 wakatiwa katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka.

Lakini aliyenishika macho hasa ni ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mnene kama koleo. Huyu maskani yake ya kuzalia ni visiwa vya Omani, vya Ghuba, vya Bahari ya Shamu na vya Somalia, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai jeupe, aghalabu moja tu, na joto la mchanga likamsaidia kuatamia. Ndiye pekee katika jamaa zote za ndege wa ufukweni afanyaye hivyo.

Mmoja alikuwa karibu nasi mno. Alisimama kimya, akakimbia hatua chache, akamnasa kaa, akamtikisa na kumpigiza topeni mpaka magando yakakatika. Nilidhani atammeza, kumbe nyuma yake alikuja mwingine wa rangi ya kijivujivu, ameinamisha kichwa, analialia, naye akapewa. “Huyo ni mwanawe,” mzee alinong’ona. Mtoto yule alikuwa amekwisha kuvuka bahari, ana mbawa kamili, na bado analishwa na mzazi wake katika nchi ya ugenini! Nakiri kwamba sijapata kuona malezi yaliyoniingia moyoni kuliko hayo.

Ndege hawa hurejea Arabuni mnamo Aprili, kusi inapoanza, majira yale yale ambayo majahazi ya Waarabu yalikuwa yakitweka matanga kurudi makwao. Kwa hiyo hifadhi ya upande mmoja haitoshi. Hori hii imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyowekwa mwaka 1968, na Kenya imeingia katika mapatano ya The Hague ya mwaka 1995 ya kuwalinda ndege wa majini wahamao. Lakini huko visiwani bado kuna watu wachukuao mayai na makinda yao kwa chakula, na huku kwetu mikoko hukatwa kwa boriti, na tope huchimbuliwa kutafutwa chambo.

Mchimba chambo ana watoto wa kulisha, nami siwezi kumlaumu. Ninaowasihi ni wenye mamlaka juu ya ardhi hii: wakae na wavuvi wa Mida, wakubaliane nao ni sehemu zipi za tope zitaachwa bila kuchimbwa tangu Agosti mpaka Aprili, na wasitoe kibali cha kujenga mahali popote patakapohitaji mkoko kukatwa.