Daftari la Mashine Iliyoganda

Mama yangu hakupita darasa la tatu, lakini hapakuwa na mchuuzi wa ndagala pale Kabonga aliyethubutu kubishana naye juu ya deni. Alikuwa na daftari la jalada la bluu, kingo zake zimelainika kwa mafuta ya mawese. Kila alfajiri, mitumbwi ya taa iliporudi kutoka ziwani, aliandika: nani kachukua ndoo ngapi, siku gani, mbele ya nani. Mtu akija kulalamika, mama hakupandisha sauti. Alifungua ukurasa, akasema: "Haya, tusome."

Nimekuwa fundi wa kompyuta katika mwambao huu wa ziwa Tanganyika nchini Burundi, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac na kwetu Kabonga, tangu mwaka 2010. Lolote la maana nililojifunza katika kazi hii linarudi kwenye neno lile la mama.

Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilituvusha mpaka nikiwa mdogo, kama vilivyowavusha maelfu ya watu wa pwani hii, tukaishi mkoa wa Kigoma miaka mingi. Nikiwa kijana, nilipata kibarua cha kufagia na kutoa fotokopi katika duka moja pale mjini Kigoma. Huko ndiko nilikopewa diski ya mfumo endeshi wa Ubuntu. Kampuni ya Canonical ilikuwa ikizituma diski hizo bure kwa posta, duniani kote, tangu 2005 hadi 2011. Kwa Mrundi, jina lile halikuhitaji kuelezwa: ubuntu kwetu ni utu na ukarimu, na kitu cha bure tunasema ni cha ku buntu. Niliishika diski ile kama barua iliyoandikwa kwa lugha ya nyumbani.

Tuliporudi Burundi nikaanza ufundi Rumonge, katika duka la kuchapa barua na kutoa nakala. Kompyuta zetu zilikuwa zimekwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia. Umeme ulikuja na kuondoka. Intaneti iliuzwa kwa kipimo, na kushusha programu kubwa kuliweza kumlia mtu mapato ya siku nzima. Katika hali hiyo sisi mafundi tulikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: kufomati. Mashine ikiganda, unafuta kila kitu, unaweka mfumo upya, unapokea franka zako. Niliifanya kazi hiyo miaka mitatu, na niliifanya kwa haraka na kwa kujiamini.

Mwaka 2013 nikaitwa na chama kimoja cha wakulima wa michikichi. Kompyuta yao ilikuwa ikiganda alasiri, katikati ya orodha za malipo. Picha inabaki kwenye kioo, kishale cha mausi hakisogei, na kama kuna wimbo unapigwa, sauti moja inajirudia mpaka uchomoe waya. Niliifomati. Baada ya siku chache ikaganda. Nikafomati tena, na tena. Mara ya tatu yule mama katibu, mtu mzima wa umri wa mama yangu, aliniangalia akasema: "Mwanangu, mara tatu umenifutia kazi yangu. Sababu umeiona?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimelichoma daftari mara tatu, kisha nikauliza deni ni la nani.

Ni lazima nieleze kidogo. Ndani ya mfumo endeshi kuna kiini kinachoitwa kerneli. Ndiyo inayogawa muda wa prosesa na kumbukumbu, na ndiyo pekee inayozungumza na vifaa moja kwa moja. Kerneli ya Linux, iliyomo ndani ya Ubuntu tuliyokuwa tukiiweka kwenye mashine, ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki, na msimbo wake uko wazi kwa kila anayetaka kuusoma. Ila kerneli haikijui kila kifaa. Huingiza moduli, yaani vipande vya programu viitwavyo draiva: hii ya kadi ya picha, ile ya waifai, nyingine ya sauti. Moduli ikishaingia, inakaa chumba kimoja na kerneli na kuwa na mamlaka yaleyale. Programu ya kawaida ikikosea, inakufa peke yake. Moduli ikikosea, nyumba nzima inaweza kusimama.

Na kerneli ina daftari. Matukio muhimu huandikwa kwa mpangilio wa saa, tangu mashine inapowashwa. Zaidi ya hayo ina mlinzi anayeangalia kila prosesa. Kazi moja ikiing'ang'ania prosesa ndani ya kerneli kwa zaidi ya sekunde 20 bila kuiachia, mlinzi anaandika malalamiko: prosesa fulani imekwama, ilikuwa ikifanya kazi hii, na moduli zilizokuwamo ndani ni hizi. Miaka mitatu nilikuwa nikilifuta daftari hilo bila kujua kwamba lipo.

Nilirudi pale chamani na kompyuta ndogo ya mkononi na kebo ya mtandao, nikaziunganisha mashine mbili, nikakaa. Siku ya pili, saa tisa alasiri, ikaganda. Sikuchomoa waya. Nilibonyeza kitufe cha herufi kubwa: taa yake ikawaka, nikabonyeza tena, ikazima. Basi ndani kulikuwa bado na uhai. Kupitia ile kebo nikaingia kutoka kwenye mashine yangu na kufungua daftari la kerneli. Liliandikwa wazi: prosesa namba 1 imekwama kwa sekunde 22. Chini yake kulikuwa na mlolongo wa kazi zilizokuwa zikiendelea, na zote zilielekea kwenye moduli moja, draiva ya kadi ya picha iliyotolewa na kampuni iliyotengeneza kadi ile.

Pembeni palikuwa na herufi P. Nilikuja kujifunza maana yake. Kerneli ikiruhusu moduli ambayo msimbo wake umefungwa na mwenyewe, inajitia alama: nimemwingiza mgeni ambaye siwezi kukagua mzigo wake. Kuanzia hapo watengenezaji wa kerneli wakiletewa malalamiko, kwa kawaida hujibu: mtoe kwanza huyo mgeni, kisha tuone kama tatizo lipo. Huo ni uadilifu. Nani atahukumu kesi ambayo nusu ya ushahidi imefungiwa sandukuni? Katika mlolongo ule, kazi za kerneli zilikuwa na majina ninayoweza kuyafuatilia hadi kwenye mstari wa msimbo. Za moduli ile zilikuwa majina yaliyovurugwa kwa makusudi, yasiyomwambia msomaji chochote.

Niliitoa draiva ile, nikaweka ya huria. Wiki mbili mashine haikuganda. Kisha nikafanya jambo lililomshangaza mama katibu: nikairudisha ile ya zamani. Siku ya tatu ikaganda. Nikaitoa moja kwa moja. Mshitakiwa akitolewa na wizi ukakoma, bado huna hakika. Akirudi na wizi ukarudi, hapo una neno la kusema mbele ya watu. Picha zilipungua kasi kidogo, lakini orodha za malipo hazihitaji kasi ya michezo.

Kabla ya kuondoka nilimwachia katibu karatasi. Kibodi zetu ni za mpangilio wa Kifaransa, ambapo A na Q, Z na W zimebadilishana nafasi, lakini herufi nilizomwandikia hazihami: S, U, B. Mashine ikiganda, shikilia Alt pamoja na kitufe cha kunasa picha ya skrini, kisha bonyeza hizo moja moja, taratibu. Ya kwanza inaandika diskini kila kilichosubiri, ya pili inafunga diski isiandikwe tena, ya tatu inawasha upya. Ikiwa kerneli bado inasikia, kazi ya mtu inaokolewa. Kuchomoa waya ni kuvunja mlango wakati ufunguo upo.

Ushindi ule ulinifundisha, na pia ulinipotosha. Mwaka 2016 mfanyabiashara mmoja wa Kabonga, jirani na mahali mitumbwi inapopakia, aliniletea kompyuta ya mkononi ya bei nafuu iliyokuwa ikiganda kila siku. Nilitazama alama: P. Draiva ya waifai ilikuwa ya kufungwa. Nikatoa hukumu palepale. Nilimwambia, "Mzee, adui yako ni huyu," nikaitoa, nikamnunulisha kifaa kidogo cha waifai cha kuchomeka pembeni. Baada ya siku nne akarudi. Imeganda.

Safari hii taa ya kibodi haikuitika, mtandao haukuitika, S, U, B hazikuitika. Niliiwekea kerneli utaratibu wa kutuma maneno yake kupitia kebo hadi kwenye mashine nyingine, ili hata kama haiwezi kuandika diskini, neno la mwisho linifikie. Halikuja neno. Mlinzi mwenyewe alikuwa amezimika. Daftari lililokatika katikati ya ukurasa nalo ni ushahidi: halikuwa kosa la kazi moja kung'ang'ania, ni prosesa yenyewe iliyosimama. Katika miaka ile, baadhi ya prosesa za bei nafuu zilikuwa na udhaifu unaojulikana: zikiingia kwenye usingizi mzito wa kubana umeme, mara nyingine hazikuamka. Tiba ilikuwa agizo moja katika mstari wa kuwashia kerneli, la kuizuia prosesa isivuke usingizi mwepesi. Nililiandika. Betri ikawa inaisha mapema zaidi, lakini mashine haikuganda tena.

Nilimrudishia mzee fedha ya kile kifaa cha waifai na kumwomba radhi. Nilikuwa nimemhukumu mgeni kwa sababu tu ni mgeni, wakati ukurasa wenyewe haukumtaja. Herufi P inakuambia kuna sanduku lililofungwa. Haikuambii kwamba kitu kilichopotea kimo ndani yake.

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya mashine kuukuu za vijijini. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kosa kwa programu yake inayokaa ndani ya kerneli ya Windows. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Ndege nyingi hazikuruka, baadhi ya hospitali ziliahirisha huduma, na mashine nyingi zilipona tu baada ya fundi kukaa mbele ya kila moja na kufuta faili kwa mkono. Siku ile niliona dunia nzima imekaa kwenye kiti cha mama katibu. Kwa upande mwingine milango inafunguka: AMD ilijenga draiva yake mpya ya picha ya Linux juu ya msingi huria, na Mei 2022 Nvidia nayo ilianza kutoa hadharani msimbo wa moduli zake za kerneli. Kwa fundi wa Rumonge hiyo ni habari ya mkate wake, maana mimi siwezi kumpigia simu mhandisi wa ng'ambo. Ninachoweza ni kusoma, na kwa hiyo nahitaji kitu kinachosomeka.

Siku hizi nina vijana wawili ninaowafundisha. Sheria ya dukani ni moja, na iko kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari letu la jalada la bluu: hakuna kufomati kabla ya kunakili tarehe, toleo la kerneli, moduli zilizokuwamo, alichokuwa akifanya mwenye mashine, na mistari ya mwisho iliyoandikwa. Kama hakuna mstari, andika kwamba hakuna.

Nawe fundi mwenzangu, popote ulipo kandokando ya ziwa hili, mteja akikuletea mashine iliyoganda, amekuletea na kazi yake ya miezi. Usiizike kabla ya kujua kilichoiua. Fungua ukurasa, usome.