Kabla Hamjabonyeza

Nyumba nyingi siku hizi zina kompyuta moja na mali za watu wawili. Yetu hapa Mpanda imebeba hesabu za duka la pembejeo la mume wangu, kazi zangu za ofisi na picha za harusi.

Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, basi mzee akawa na haraka ya kuweka Windows 11. Nikamwambia, "Baba watoto, subiri kwanza."

Tukaulizana: kipi kikipotea hakinunuliki? Yeye akataja madeni ya wakulima wanaolipa baada ya mavuno. Mimi nikataja sauti ya marehemu baba akitubariki siku ya sendofu. Miaka yote ya ndoa, hakujua kuwa imo humo! Akanyamaza, kisha akaenda mwenyewe kununua diski ya nje.

Tukanakili kila kitu, tukafungua mafaili kutoka kwenye diski kuhakikisha yanasomeka. Halafu tukakagua mashine, maana Windows 11 inadai TPM 2.0, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Tukahakikisha pia kuwa programu ya hesabu na printa vitaikubali. Betri tukaijaza, kwani umeme haupigi hodi ukitaka kuondoka.

Je, mpenzi msomaji, unajua mwenzako ametunza nini cha thamani kwenye kompyuta yenu? Muulize leo, kabla hamjabonyeza.